Mama Mkwe, Herufi Kubwa na Foronya ya Zalia

Mambo ya upande wa Majunga, kabla sijafika huko, sikuyaona kwa macho yangu. Alinisimulia wifi yangu Halimati, mwaka tuliokuwa tukimwozesha mwanangu wa kwanza, tumekaa uani tunapeta mchele. Alicheka mpaka ungo ukapinduka, kuku wakala mchele wa harusi.

Ya upande wa Nosy Be niliyafanya mwenyewe, kwa sindano na wembe.

Na lile la mwisho, la mchana wa joto, tulilijua watu wawili tu. Mmoja ndiye mimi.

Haya, kaeni vizuri.

Juzi mjukuu wangu, anayefanya kazi za kompyuta, alinikuta nawaandikia ndugu salamu za Ijumaa kwenye simu.

"Bibi, mbona unawapigia watu kelele?"

"Kelele gani? Si nimekaa kimya hapa?"

"Umeandika yote kwa herufi kubwa. Siku hizi hiyo ndiyo kelele."

Akaichukua simu, akagusa mahali, pwaa! Herufi zote zikawa ndogo. Akagusa tena, zikarudi kubwa. Akagusa tena, ndogo. Hazikuacha hata alama.

Nilicheka mpaka miwani ikaanguka mapajani.

"Bibi, kuna nini cha kuchekesha?"

"Kazi hiyohiyo mimi na Zalia tuliifanya kwa mkono. Na nusura nikose mume."

Akasema, hiyo iandike watu wasome. Basi naiandika, tena kwa herufi ndogo, msije mkaziba masikio.

Mimi naitwa Hayrat. Nilizaliwa Andilana, huko Nosy Be, kisiwa cha Madagaska. Wazee wetu walitoka Komoro. Nyumbani tulisema Kikomori, sokoni Kisakalava, na shuleni, kwa madarasa machache niliyobahatika, Kifaransa cha kubahatisha. Kiswahili hiki nimekijulia Tanga, maisha yaliponileta huku. Kwa hiyo mazungumzo nawawekea kwa lugha yenu, mnielewe.

Ila Kiswahili tulikuwa tukikiona kwenye leso. Leso za Zanzibar zilikuja na maneno yake, nasi tukayapenda hata yale ambayo hatukuyaelewa vizuri.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Bendera ya Wafaransa imeshuka, mpya bado rangi zake mbichi, na kila mtu anajiona anaweza kila kitu.

Hata mimi nilijiona naweza kumpata Houssen.

Houssen alikuwa fundi cherehani kutoka Tanambao, mtaa wa mji wa bandari wa Majunga. Alikuja kisiwani kwetu kutengeneza mashine za wanawake watarizi. Mashine ya mama mdogo aliyenilea ilikuwa nzima kabisa, lakini yeye kila wiki karudi na bisibisi yake.

"Baba," mama mdogo akamuuliza, "hii mashine ina ugonjwa gani usiopona?"

Zalia, binti wa mama mdogo, akadakia kutoka jikoni: "Ina ugonjwa wa Hayrat!"

Nilitaka ardhi inimeze. Houssen bisibisi ikamtoka mkononi.

Posa ikaja. Ikakubaliwa.

Sasa hapo ndipo penye kazi.

Kwa watu wa ukoo wetu, binti akishaposwa anatarizi foronya za mito. Kila foronya ina maneno yake, kama leso, na maneno anayatunga mwenyewe kwa siri. Kisha kuna siku ya kusoma foronya. Wanawake wanajaa nyumbani kwa mama wa bwana harusi. Bibi harusi anakaa nyuma ya pazia. Mama mkwe anatoa foronya kikapuni, anachagua moja, anaisoma kwa sauti mbele ya wote.

Akisoma, harusi ipo.

Akizikunja zote akazirudisha kikapuni bila kusoma, basi. Bebeni kikapu chenu, rudini kwenu.

Na msomaji ni yeye tu. Mtu mwingine akisoma, haihesabiki.

Nikatarizi. Kwa herufi kubwa, bila shaka! Herufi kubwa ni mistari na pembe, sindano haipotei njia. Tena leso zote zilikuwa na herufi kubwa. Mimi nilidhani nguo ikisema, inasema hivyo.

Halimati, dada yake Houssen, alikuwa amekuja kwetu na ujumbe wa posa. Alipoondoka nikampa foronya moja ya kuonyesha, atangulie nayo kwa mama yake.

Kumbe nimempa bomu.

Mama yake Houssen aliitwa Kouraichia. Mjane, mrefu, sauti ya kuitia mtu upande wa pili wa bandari. Alifanya kazi kwenye ghala moja hapo bandarini, akipiga alama magunia ya mchele na kahawa. Wanaweka juu ya gunia bati lililokatwa matundu ya herufi, wanapitisha brashi ya wino mweusi, wakiinua bati, jina la mwenye mzigo limebaki.

Tanambao yote walimjua kwa kusoma. Telegramu ikifika mtaani, watu wanamkimbilia: "Mama Houssen, tusomee!" Naye anaisoma amesimama, hakwami popote. Barua za mkono tu ndizo alizokuwa akizisukuma pembeni. "Hizo mpe Houssen. Macho yangu yamekula vumbi la ghala."

Basi Halimati akafika, akaitandaza foronya yangu kitandani. Majirani wakaja kuangalia.

Mmoja wao Koulsoum.

Koulsoum alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Ana binti. Na binti huyo, kichwani mwa Koulsoum, alikuwa ameshaolewa na Houssen zamani sana, bado Houssen tu kuambiwa.

Akaishika foronya kwa ncha za vidole.

"Ehee! Mama Houssen, mkweo amekuletea gunia?"

Wanawake wakaguna.

"Tazameni herufi zilivyosimama! Hapa bado kupimwa uzito tu. Houssen atalala humu usingizi wa kahawa!"

Halimati anasema chumba kizima kilipasuka kwa kicheko. Mmoja alilia machozi, msindanu, ile liwa aliyojipaka usoni, ukamchirizika mpaka shingoni.

Mama Kouraichia hakucheka. Pua ilimtanuka. Aliikunja foronya, akajitanda, akatoka, moja kwa moja hadi posta.

Telegramu ikatufikia Andilana. Mimi ndiye niliyesoma, mama mdogo na Zalia wamenizunguka kama kuku na mtama.

HERUFI ZA MAGUNIA SITAKI KITANDANI KWA MWANANGU. GEUZENI ZIWE NDOGO ZA KUSHIKANA MIKONO KAMA ZA SHULE. AU FORONYA ZISIJE. KOURAICHIA.

Mama mdogo akanipokonya karatasi, akaigeuza nyuma na mbele.

Kisha Zalia, ambaye hakuwahi kukanyaga shule hata kwa kupotea njia, akanyoosha kidole kwenye karatasi.

"Dada, hizi hapa ni herufi gani?"

"Kubwa."

"Zote?"

"Zote."

"Yaani amezitukana herufi kubwa kwa herufi kubwa?"

Weee! Tulianguka chini. Mama mdogo alijaribu kutukaripia, akashindwa, akafunika uso kwa ncha ya saluva, ile nguo aliyojifunga, mabega yanatikisika.

Kicheko kilipoisha, nikaanza kulia.

Kitambaa kipya hakikuwepo. Duka lilikuwa linangoja meli, na meli yenyewe ndiyo hiyohiyo itakayotupeleka sisi Majunga. Foronya zote zimeshatariziwa. Na Koulsoum, tulishasikia habari zake, alikuwa ameanza kumpikia mama Kouraichia uji.

Mtu asiye na nia haamki alfajiri kumpikia jirani uji.

"Zifumue," akasema mama mdogo. "Uanze upya kwenye nguo ileile."

"Peke yangu nitazeeka."

"Tupo wawili," akasema Zalia.

"Wewe hujui herufi!"

"Nimesema najua? Nichoree. Mimi nitageuza."

Nikachukua karatasi. Upande huu nikachora herufi kubwa, upande ule ndogo yake. A, na a yake. M, na m yake. Zalia hakujua moja inaitwaje, lakini alichokiona upande huu alikigeuza kikawa cha upande ule. Sawasawa na simu ya mjukuu wangu. Haijui maneno yanasema nini, inageuza tu.

Kitufe chetu kilikuwa wembe.

Na furaha yake jamani! Mimi nilikaa kwa hofu, lakini Zalia ukikaa naye hofu inachoka. Kila herufi aliipa habari zake.

"Huyu B ni mama mwenye kifua na tumbo. Nikikata kifua, anabaki na tumbo. Amekuwa mdogo lakini ana mimba!"

"Zalia!"

"Huyu E kitana. Mkunje, mkunje, kawa kamba wa mchuzi."

"Na A?"

"A ni hema. Huyu hageuki. Huyu ni kumbomolea na kumjengea kibanda."

H tulimkata mguu wa juu, tukamwinamisha bega, akawa kama mtu anayekaa kwenye kiti. D alitupa tabu, tumbo lake linatazama huku, akiwa mdogo linatazama kule. Zalia aligeuza matumbo mpaka akawa haelewi na lake liko wapi. Kisha tukazishikisha herufi mikono, mkia wa hii kwenye mgongo wa ile, kama watoto wanaovuka barabara.

Tatizo likawa matundu.

Ukifumua uzi, sindano imeshaacha tundu zake. Kwenye bafta nyeupe zinaonekana. Ukiitazama foronya unaona neno jipya dogo, na juu yake kivuli cha lile kubwa, kimesimama kama mpangaji aliyegoma kuhama.

Mimi nilizipiga vita. Nikakwangua kwa ukucha, nikalowesha, nikaanika, nikatia wanga wa muhogo, nikapiga pasi ya mkaa mpaka nguo ikanyooka kama karatasi. Tundu zikafumba. Foronya zangu ungedhani zimezaliwa na herufi ndogo.

Zalia yeye tundu zilimhusu nini?

"Mtu anayelala amefumba macho," akasema. "Ataziona vipi?"

Siku ya safari ikafika, bado foronya moja haijaguswa. Zalia akapanda nayo melini, akaketi juu ya mzigo, wembe mkononi, karatasi yangu chini ya goti. Abiria waliotapika walitapika, yeye anafumua na kutarizi, anaimba. Huko baharini hakuna maji matamu ya kulowesha, hakuna wanga, hakuna pasi.

Tuliposhuka Majunga akanipa kwa kiburi. "Haya, nimemaliza!"

Nikaitazama. Mishono imepinda kama njia ya mlevi. Tundu za herufi kubwa wazi zote, unaweza kuchekechea unga.

Halafu nikasoma maneno.

Nikaikunja upesi kabla mtu hajaiona.

Hiyo haikuwa ya kikapu! Ile tuliitunga siku moja tukicheka, maneno ya Zalia, mkono wangu, ya kufurahisha sisi wenyewe. Nilikusudia kuifumua kabisa. Zalia, asiyejua kusoma, aliichukua kwenye rundo akaigeuza kama nyingine.

"Zalia, unajua hii inasema nini?"

"Si inasema kwa herufi ndogo?"

Nikaisukuma chini kabisa ya kikapu, nikaifunika kwa zile safi.

Nyumba ya Mama Kouraichia ilijaa siku hiyo mpaka kizingitini. Wanawake wa Tanambao, marashi, msindanu, watoto mgongoni. Mimi nyuma ya pazia, jicho langu kwenye kitundu. Mama mdogo alinong'ona salamu ya kwetu kwa wakubwa: "Kwezi, mama," na Mama Kouraichia akaitikia bila kutabasamu. Zalia kaketi karibu na sinia la mkate wa kumimina, keshasahau tulichokuja kufanya.

Koulsoum kakaa mbele. Binti yake ubavuni, kapambwa kama yeye ndiye anayeolewa.

Mama Kouraichia akatoa foronya ya kwanza. Ile yangu nzuri kuliko zote. Herufi ndogo zimeshikana mikono, laini kama maziwa.

Akaitazama.

Akaitazama tena.

Akaikunja, akaiweka pembeni.

Nikasogeza jicho karibu zaidi na kitundu.

Akatoa ya pili. Akapitisha kidole juu ya mshono. Midomo ikafunguka kidogo, ikafunga. Akaikunja.

"Mama Houssen, tunangoja," akasema Koulsoum, sauti imejaa sukari. "Au maneno hayasemeki?"

"Kazi ni safi," akasema Mama Kouraichia.

"Safi tumeiona. Soma."

Ya tatu, ikakunjwa. Na iliyofuata. Wanawake wakaanza kutazamana. Jasho lilikuwa linamtoka Mama Kouraichia, nikadhani ni hasira. Nikasema moyoni, Hayrat, umeachika kabla ya kuolewa.

Mama mdogo akashika mkono wa kikapu. Alikuwa anajiandaa kukibeba.

Ikabaki moja.

Niliomba Mungu kikapu kipasuke, ile foronya ianguke, itoweke. Mkono wa Mama Kouraichia ukazama chini, ukaibuka nayo.

Foronya ya Zalia.

"Yarabi!" Koulsoum akacheka. "Hii imeliwa na panya?"

Mama Kouraichia aliyaona yale matundu. Kisha akafanya kitu cha ajabu. Akainuka, akaenda dirishani, akaiinua foronya kwa mikono miwili mpaka juu ya kichwa, jua likiwa nyuma yake.

Akatulia hapo.

Midomo ikaanza kutembea.

Halafu bega lake likatikisika. Likatikisika tena. Nikajua analia kwa aibu.

Hakuwa analia. Alikuwa anacheka! Peke yake, uso kwenye nguo, anacheka mpaka vipuli vinacheza.

Akawageukia wanawake, akavuta pumzi, akatoa ile sauti ya ghalani:

"MAMA MKWE, LALA KWANZA!"



Mimi nilijifunika pazia lote usoni.

"Yaani nini hiyo?" Koulsoum akauliza. "Alale kwanza, kwa nini?"

"Koulsoum, mdogo wangu," akasema Mama Kouraichia, "hao watoto wako uliwaokota ufukweni? Maharusi wanataka mwenye nyumba awahi kulala, na wewe unauliza kwa nini?"

Jamani! Nyumba ilipasuka. Vigelegele vilitoka mpaka barabarani, wavuta pusipusi, vile vigari vya abiria, wakasimama kuuliza kuna nini. Mwanamke mmoja alianguka juu ya sinia, mkate ukabaki chapati. Hata binti wa Koulsoum alicheka, mama yake akamfinya, akazidi kucheka.

"Hii foronya ni yangu," akatangaza Mama Kouraichia. "Nyingine wapeni wanaharusi. Haya, mwiteni sheikh!"

Nikaolewa.

Zalia akatembea Tanambao nzima kifua mbele. "Mmeona? Yangu ndiyo iliyosomwa."

Lakini mimi, hata katikati ya furaha, jambo moja lilinikereketa. Zangu zilikuwa nzuri. Macho yalinitoka kwa zile kazi. Mama huyu alitaka herufi ndogo mwenyewe, kwa telegramu. Mbona aliziacha nzuri zote, akapenda ile mbovu? Na kwa nini ile moja tu aliipeleka dirishani kabla ya kuisoma?

Jibu lilikuja siku za mwanzo za ndoa yangu.

Mnalijua joto la Majunga? Mchana maduka yanafungwa, mbwa wanaingia mtaroni, mji wote unalala. Nyumbani kwetu kila mtu alikuwa ameanguka alipo. Houssen anakoroma chini ya dirisha, Halimati mkekani, Zalia katikati ya ukumbi, mdomo wazi, mguu mmoja juu ya wa Halimati.

Nilikwenda kunywa maji. Nikamwona mama mkwe.

Amekaa kwenye kigoda karibu na dirisha jingine, mbao zake zimeachwa wazi kidogo, utepe wa jua unaingia. Ile foronya kaiinua kwenye utepe huo. Kisha anaishusha, anaigusa kwa kidole. Anaiinua tena, anaishusha tena.

"Mama?"

Akashtuka, akaificha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba sukari.

"Hulali, mwanangu?"

"Kiu tu. Mama, unatafuta nini humo?"

Alinitazama. Akatazama waliolala. Akanivuta mkono, nikakaa chini karibu na goti lake.

"Ukicheka," akanong'ona, "nakurudisha Andilana kwa kuogelea."

"Sicheki."

"Mimi hizi ndogo sizijui."

Sikuelewa.

"Herufi zangu nimejifunza kwenye mabati ya ghala. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nainua bati juani kabla ya kulipaka wino, kutazama matundu kama yameziba. Mwanga unapita, herufi inawaka. Nikazijua moja moja hivyo. Mabati yote ni kubwa. Telegramu zote ni kubwa. Mabango ya maduka, kubwa. Nikadhani nimemaliza, kumbe nusu yake sijaiona! Zilipokuja ndogo, aa, umri ushapita, na Tanambao nzima wanasema Mama Kouraichia bingwa. Ningemwuliza nani?"

"Lakini mama, wewe ndiye uliyetaka ndogo!"

Akajipiga kwenye paji la uso.

"Koulsoum alinichoma! Nikasema mwanangu hatalala guniani, atalala kwenye herufi laini kama watoto wa shule. Nilikumbuka kila kitu, mwanangu. Nilisahau kitu kimoja tu, kwamba msomaji ni mimi."

Nikang'ata mkono nisicheke. Yeye akaanza, akaziba mdomo kwa foronya, tukatikisika pale chini sote wawili kama mashine mbovu ya cherehani.

"Siku ile," akasema alipopata pumzi, "zako zilikuwa safi mno. Zilinifungia mlango usoni. Nilikuwa namwona Koulsoum jinsi anavyongoja. Nikasema leo nimemkosesha mwanangu mke kwa ujinga wangu. Kisha nikashika hii ya Zalia. Nikaona matundu. Mikono yangu yenyewe ikaiinua juani, kama bati. Na zikawaka! M, A, M, A! Zote, kubwa, zimesimama pale nyuma ya hizi ndogo!"

Ndiyo hivyo. Alama nilizochoma mikono kuzifuta ndizo zilizoniokoa, kwa sababu kuna mvivu mmoja hakuzifuta.

Zalia akakoroma pale katikati ya ukumbi, kama mtu aliyesikia anasifiwa.

"Na sasa?" nikamwuliza. "Ulikuwa unafanya nini hapa?"

"Najifunza," akasema, na uso wake ukawa wa msichana. "Nikiinua naona kubwa, naijua. Nikishusha naona ndogo iliyokaa palepale. Basi nasema, kumbe wewe ndiye A! Ulikuwa hema, umekuwa kibanda!"

Hata maneno ya Zalia alikuwa ameyashika.

Hili nilimtunzia mpaka alipotangulia. Mwenyewe aliniambia, "Nikishaondoka wape watu wacheke, lakini Koulsoum asiwe wa kwanza kusikia." Koulsoum naye hayupo tena. Kwa hiyo nimetimiza.

Kile kitufe cha mjukuu wangu ni kizuri, sikikatai. Lakini hakiachi tundu. Nanyi vijana mnaopenda kunyoosha vitu vya wakubwa wenu, nyoosheni, ila msikazane kufuta kila alama ya jinsi vilivyokuwa. Huenda kuna mtu anasoma kupitia hapo hapo, na anaona haya kukwambia. Na mzee akikuandikia kwa herufi kubwa, usikimbilie kusema anapiga kelele. Pengine ndizo pekee zilizompitia kwenye mwanga.

Basi mchana ule nilikwenda chumbani nikamletea foronya yangu moja, ile safi kuliko zote. Nikaiweka gotini kwake.

"Hii haina matundu," akasema kwa woga.

"Jaribu."

Mimi nikaegemea kigoda. Joto likanilemea, nikasinzia, nikawa nasikia sauti yake kwa mbali, inapapasa herufi moja, inaruka kwenye nyingine, inarudi, inajicheka, inaendelea.

Foronya ilisema yeye alale kwanza. Siku hiyo alikuwa wa mwisho kulala.

Niliposhtuka, ni kwa sababu sauti imenyamaza. Utepe wa jua ulikuwa umehama kutoka kwenye nguo hadi ukutani. Mama mkwe kichwa kakiegemeza kwenye fremu ya dirisha, kidole kimekaa juu ya ile herufi ya mwisho, a, kibanda cha mwisho, amefika, na kalala.